Deni, Ahadi au Amri? Utata wa Neno 'Shall' katika Kiingereza cha Kila Siku na cha Ofisi, na Funzo Lake kwa Kiswahili cha Sheria

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alinijia akiwa na barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha ng'ambo. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na kiini chake kilikuwa sentensi mbili. Ya kwanza ilimtaka alipe ada katika muda wa siku kumi na nne. Ya pili ilisema kwamba chuo kingempatia malazi. Sentensi zote mbili zilibebwa na kitenzi kisaidizi kimoja: 'you shall pay', 'we shall provide'. Mwanafunzi alilipa ada siku ya kumi. Alipofika chuoni hakukuta chumba, na alipolalamika alielezwa kwamba sentensi ya pili ilitaja nia tu, na kwamba nafasi zilikuwa zimejaa. Alipanga chumba mjini kwa bei ambayo posho yake haikuimudu. Swali aliloniletea aliporudi likizo lilikuwa fupi: "Mwalimu, neno ni lilelile. Imekuwaje kwangu likawa amri na kwao likawa matumaini?"

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo. Tutaonyesha kwamba utata wa 'shall' hautokani na ujinga wa mtumiaji wala uzembe wa karani mmoja mmoja. Umo ndani ya historia ya neno lenyewe na ndani ya kanuni ambayo wanasarufi waliipachika juu yake. Tutaonyesha pia kwamba utata huo hauwaelemei watu wote kwa usawa, kwa kuwa mara nyingi aliyeandika waraka ndiye anayepata nafasi ya kuchagua maana. Mwishoni tutauliza kama Kiswahili cha sheria hakijaanza kuurithi utata huohuo kupitia tafsiri.

2.0 Asili ya neno

Katika Kiingereza cha Kale kitenzi kilichozaa 'shall' kilikuwa na umbo 'sceal', na maana yake ya msingi ilikuwa kudaiwa: mtu alidaiwa fedha, au alidaiwa kutenda jambo fulani. Ndugu zake wa karibu wamo katika Kijerumani, ambamo 'sollen' ni kitenzi cha wajibu na 'Schuld' ni nomino yenye maana ya deni na pia ya hatia. Kitenzi pacha, 'will', kilitokana na 'willan', yaani kutaka. Kwa hiyo Kiingereza kilipohitaji kuzungumzia mambo yajayo kilikuwa na njia mbili: kueleza kile ambacho mtu anadaiwa kukitenda, au kueleza kile ambacho mtu anataka kukitenda. Vitenzi vyote viwili vilipoteza uzito wa maana zao za awali hatua kwa hatua vikawa alama za njeo, lakini hakuna hata kimoja kilichozisahau kabisa. Ndiyo maana 'should', ambayo kihistoria ni umbo la wakati uliopita la 'shall', hadi leo inabeba maana ya kupaswa.

Mwendo huu wa maana si mgeni kwetu. Kiswahili kina kitenzi 'wia', na mtu 'akiwiwa' anakuwa na deni. Lakini msemaji huyohuyo anaweza kusema 'nawiwa kushukuru', asikusudie fedha bali wajibu. Deni na wajibu vimekaa katika mzizi mmoja. Tofauti ni kwamba Kiswahili hakikuligeuza neno hilo la deni kuwa alama ya wakati ujao. Hoja hii tutairejea katika sehemu ya sita.

3.0 Kanuni ya Wallis na matumizi ya kila siku

Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, 'Grammatica Linguae Anglicanae'. Humo aliweka kanuni iliyofundishwa mashuleni kwa karne nyingi baadaye. Katika nafsi ya kwanza, 'shall' hutabiri tu, na 'will' huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka: 'will' hutabiri, na 'shall' huahidi au hutisha. Kwa maneno mengine, neno moja hubadili kazi yake kufuatana na nafsi ya kiima.

Watunzi wa vitabu vya sarufi walizoea kuieleza kanuni hii kwa kisa cha kubuni cha mgeni aliyekuwa akizama mtoni. Mgeni huyo alipiga kelele kwamba atazama na hakuna atakayemwokoa, lakini akabadilisha nafasi za 'will' na 'shall'. Waingereza waliokuwa ukingoni walimwelewa kuwa ameazimia kufa na anakataza asiokolewe, wakamwacha kwa adabu. Kisa hiki kimebuniwa ili kichekeshe, lakini kinafichua jambo zito: kanuni ilitumika kumtenganisha mwenyeji na mgeni. Ndugu wawili, H. W. Fowler na F. G. Fowler, katika kitabu chao cha mwaka 1906 'The King's English', walikiri kwamba matumizi hayo huwajia Waingereza wa kusini bila kufikiri, na kwamba asiyezaliwa nayo ni vigumu kuyapata.

Uchunguzi wa kiisimu haukuiunga mkono kanuni hiyo. Mwaka 1925 Charles Fries alichapisha utafiti wake kuhusu tamthilia za Kiingereza. Aliona kwamba waandishi hawakuifuata kanuni ya Wallis kama vitabu vilivyodai, na kwamba 'will' ilitawala hata katika nafsi ya kwanza. Leo, hasa nchini Marekani, 'shall' imekaribia kutoweka katika mazungumzo, isipokuwa katika maswali ya kupendekeza kama 'Shall we go?' Sentensi hiyo haitabiri wala haiamrishi. Mswahili angeitafsiri kwa neno moja tu: 'Twende?'

Sasa tuirejee barua ya mwanafunzi wetu. Tukiisoma kwa kanuni ya Wallis, 'you shall pay' ni amri kwa kuwa kiima ni nafsi ya pili, na 'we shall provide' ni utabiri kwa kuwa kiima ni nafsi ya kwanza. Ofisi ile, kwa kujua au kutojua, ilijikinga nyuma ya sarufi ya karne ya 17. Mwanafunzi aliisoma barua kama watu wengi wa leo wanavyosoma: neno moja, waraka mmoja, maana moja. Kila upande ulikuwa na hoja. Lakini upande mmoja ulipoteza fedha na mwingine haukupoteza chochote.

4.0 Neno hili katika ofisi na mahakama

4.1 Kazi tano za neno moja

Wakati neno likififia katika mazungumzo, lilibaki na nguvu katika sheria, mikataba, kanuni na barua za kiofisi. Humo linafanya walau kazi tano. Kwanza, linaweka wajibu: mlipakodi anatakiwa kuwasilisha hesabu. Pili, linaanzisha: chombo fulani kinaundwa kwa tamko lenyewe, bila mtu yeyote kuamrishwa. Tatu, linaweka sifa au sharti la awali: mgombea awe raia. Nne, linataja wakati ujao tu, kama mkataba unaosema utakoma tarehe fulani. Tano, likiambatana na ukanushi, linakataza.

Kazi hii ya tano inastahili kutazamwa kwa makini. Sheria nyingi za Kiingereza huanza kwa 'No person shall'. Ikiwa 'shall' maana yake ni kuwa na wajibu, basi tungo hiyo kimantiki inasema kwamba hakuna mtu mwenye wajibu wa kutenda jambo hilo. Ilichokusudia ni kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa. Wasomaji huielewa kwa mazoea, wala si kwa kufuata maana ya maneno.

Utata unaongezeka neno linapokutana na kauli ya kutendwa. Kanuni ikisema kwamba ombi 'shall be considered' katika siku thelathini, tunajua kuna kazi ya kufanywa, lakini hatujui mfanyaji. Hapo mwombaji hana mtu wa kumdai. Deni lipo, mdaiwa hayupo.

Hatari hii ilitambuliwa zamani. Mnamo miaka ya 1840 mwanasheria wa Kiingereza George Coode, katika andiko lake kuhusu lugha ya sheria, alisisitiza kwamba 'shall' itumike tu pale ambapo mtu anayetajwa anawekewa wajibu wa kutenda au kutotenda. Waandishi wa sheria waliomfuata walimheshimu zaidi ya walivyomtii.

4.2 Majaji mbele ya neno

Mwaka 1880 Baraza la Malodi la Uingereza lilisikiliza shauri lililomhusu Askofu wa Oxford. Sheria ya mwaka 1840 ilitumia tungo 'it shall be lawful' kuhusu hatua ya askofu ya kuchunguza malalamiko dhidi ya kasisi. Mlalamikaji alidai kwamba askofu alilazimika kuchunguza. Baraza liliamua kwamba maneno hayo, kwa yenyewe, yanatoa uwezo tu. Wajibu ukiwapo, utatokana na mazingira mengine ya sheria. Hivyo tungo yenye 'shall' ilisomwa kama ruhusa. Mwaka 1995, katika Mahakama ya Juu ya Marekani, Jaji Ruth Bader Ginsburg alieleza kwamba ingawa kwa kawaida 'shall' ina maana ya lazima, waandishi wa sheria wakati mwingine huitumia, au huitumia vibaya, kwa maana ya kupaswa, ya wakati ujao, au hata ya hiari.

Afrika Mashariki nayo imelipokea neno hili pamoja na mzigo wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Tafsiri za Sheria ya mwaka 1996, kifungu cha 53, ilijaribu kulimaliza tatizo kwa kutenganisha maneno mawili: 'may' inatoa hiari, na 'shall' inaweka lazima. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, toleo la Kiingereza la kifungu hicho linatuagiza jinsi ya kulielewa neno 'shall' kwa kutumia neno 'shall' lenyewe. Isitoshe, Mahakama ya Rufani, katika rufani ya jinai iliyofunguliwa mwaka 2006, ilieleza kwamba neno hilo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si la lazima kwa namna iliyotajwa katika kifungu cha 53, bali lisomwe kwa kuzingatia kifungu cha 388, ambacho kinahusu makosa ya utaratibu na kama yamesababisha haki kupotea. Hatudai kwamba mahakama ilikosea. Tunachosema ni kwamba hata baada ya Bunge kulifungia neno maana moja, neno lilitoka nje ya uzio.

Mfano mzito zaidi unatoka Kenya. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 81(b), inatumia 'shall' kusema kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Mwanasheria Mkuu aliiomba Mahakama ya Juu ushauri: je, takwa hilo lilipaswa kutimizwa mara moja? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walijibu kwamba 'shall' huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi inayotakiwa iko tayari kutekelezwa bila kuandaliwa mazingira yake. Kwa hiyo lengo lingefikiwa hatua kwa hatua, na hatua za kisheria zichukuliwe kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Kwake takwa lilikuwa la mara moja. Tarehe iliyowekwa ilipita bila sheria kutungwa. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, Bunge halikuvunjwa. Ni kweli kwamba siasa ilichangia zaidi ya semantiki. Lakini neno lililochaguliwa liliacha mlango wazi wa kuuliza kama wajibu umekwisha kuanza, na katika muda wa kuuliza swali hilo wanawake waliendelea kuzikosa nafasi walizodhani wamekwisha kupewa.

5.0 Jitihada za kuliondoa neno

Baadhi ya nchi zimeamua kuachana nalo. Katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilijaa 'shall'; Katiba ya mwaka 1996 iliandikwa kwa kutumia 'must' mahali pa wajibu. Nchini Marekani, Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Mashauri ya Madai ziliandikwa upya, na toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2007 likaweka 'must', 'may' au 'should' mahali pa 'shall', kila moja kwa kazi yake.

Wapo wanaopinga. Wanasema kwamba neno limetafsiriwa na mahakama kwa karne nyingi, na kulitupa ni kuitupa hazina hiyo ya tafsiri. Wanasema pia kwamba muktadha huondoa utata mara nyingi. Hoja hizi hazifai kupuuzwa. Tena tukubali kwamba 'must' yenyewe haimalizi kila kitu: ikishajulikana kwamba jambo ni la lazima, bado litabaki swali la nini kifuate likikiukwa. Pamoja na hayo, hoja ya muktadha ina kasoro moja kubwa. Muktadha unaozungumziwa ni ule anaoujua mwandishi wa waraka, wakili au jaji. Mwananchi mwenye barua mkononi hana muktadha huo. Ana neno tu.

6.0 Kiswahili kimesimama wapi?

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania na ya utoaji haki mahakamani. Kwa hiyo suala la kutafsiri 'shall' si zoezi la darasani tena.

Njia iliyozoeleka ni kutumia kiambishi -ta-. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 33, inaanzisha cheo cha Rais kwa kitenzi 'kutakuwa', na tafsiri yake ya Kiingereza inatumia 'shall'. Wanasheria wamekizoea kiambishi hiki katika kazi ya kuanzisha, na hatuoni madhara makubwa hapo, ingawa msomaji mgeni angeweza kuuliza: lini? Tatizo linaanza -ta- inapotakiwa kubeba wajibu. Kiambishi hiki huaminika kuwa kimetokana na kitenzi 'taka'. Kwa asili, basi, ni ndugu wa 'will' na si wa 'shall': kinatoka katika kutaka, si katika kudaiwa. Sheria ikisema 'Waziri atateua Bodi', Mswahili anasikia kwanza habari ya jambo litakalotokea. Ni kweli kwamba mama anaweza kumwambia mwanawe 'Utakwenda sasa hivi!' na mtoto akajua kwamba hilo si tabiri. Lakini pale amri imo katika sauti ya mama na katika mamlaka yake, na karatasi haina sauti.

Kiswahili hakina sababu ya kuubeba utata huu, kwa kuwa kina maumbo ya kutosha ya kuzigawanya zile kazi tano:

(a) Wajibu: 'Waziri sharti ateue', 'Waziri anapaswa kuteua', au 'ni wajibu wa Waziri kuteua'.

(b) Kuanzisha: 'Inaanzishwa Bodi', au 'kutakuwa na Bodi' kwa kufuata mazoea ya Katiba.

(c) Sifa: 'Mgombea awe raia'. Dhamira tegemezi, yaani ile ambayo kwa vitenzi vya Kibantu huishia na irabu -e, inatosha.

(d) Wakati ujao: 'Mkataba utakoma'. Hapa ndipo -ta- ilipo nyumbani kwake.

(e) Katazo: 'Ni marufuku mtu kuingia', au 'mtu yeyote asiingie', na si 'hakuna mtu atakayeingia', ambayo ni taarifa tu.

Watafsiri wa Biblia waliliona jambo hili mapema. Toleo la Kiingereza la mwaka 1611 limejenga makatazo ya Amri Kumi kwa umbo la kale la 'shall'. Katika Kiswahili makatazo hayo yaliwekwa katika dhamira tegemezi yenye ukanushi, na hakuna muumini anayeyadhania kuwa utabiri wa tabia zake.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa 'may', ambayo mara nyingi hufasiriwa 'anaweza'. Kitenzi 'weza' kinataja uwezo kabla ya kutaja ruhusa. Palipokusudiwa hiari ya afisa, 'ana hiari ya' ni wazi zaidi. Palipokusudiwa ruhusa ya mwananchi, 'anaruhusiwa' humwambia kwamba hahitaji kuomba huruma ya mtu.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba 'shall' ilianza kama neno la deni, ikawa alama ya wakati ujao bila kuliacha deni, ikapewa kanuni inayobadilika kwa nafsi, kisha ikakabidhiwa kazi tano katika sheria. Neno lenye historia ya namna hiyo haliwezi kutulizwa kwa kifungu kimoja cha tafsiri. Tumeona pia kwamba gharama ya utata humwangukia zaidi asiyeandika waraka.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba hakukosea Kiingereza. Aliichukua barua kama ahadi ya pande mbili, na waliomwandikia walikuwa wameacha nafasi ya kuisoma kama amri ya upande mmoja na matumaini ya upande wa pili. Jibu hilo halikumrudishia fedha zake. Lakini wengi wa wanafunzi wetu wa leo ndio watakaokaa kesho katika meza za kutafsiri sheria, kuandika kanuni na kujibu barua za wananchi. Kila wanapokutana na 'shall', tungependa wajiulize maswali matatu kabla ya kuandika -ta-: nani anadaiwa, anadaiwa nini, na asipolipa itakuwaje? Waraka ambao hauna majibu ya maswali hayo haujawa tayari kutafsiriwa, kwa kuwa haujakamilika hata katika lugha yake ya kwanza.